Mheshimiwa Hakuhongwa, Mimi Ndiye Niliyemfunga Mdomo

Ndugu wasomaji, mimi ni mkosaji. Msilitafute jina langu, maana mkilipata mtalitukana tu, nami nimekwisha kujitukana vya kutosha.

Ninyi wa Bukoba na Muleba mnaosema sokoni kwamba mjumbe wetu wa Baraza la Kutunga Sheria alihongwa, nawaambieni hakuhongwa hata senti. Mtu aliyemnyamazisha muhula mzima ni mimi, rafiki yake! Kikulacho ki nguoni mwako.

Tulikula omukago tukiwa vijana. Kwa wasiojua mila yetu Wahaya, mnachanjwa karibu na kitovu, buni moja inapasuliwa, na kila mmoja anameza nusu iliyopakwa damu ya mwenzake. Tangu hapo hamnyimani kitu. Ukimnyima, tumbo litavimba ufe, na watoto wako wafuate. Mchungaji wetu anasema huo ni upagani, nami hukaa benchi la mbele nikaitikia amina. Lakini tumbo langu lilibaki na imani yake.

Marehemu baba aliniachia nyarubanja huko upande wa Muleba. Hiyo ni ardhi ya mabwana wa zamani. Watu wanakaa humo, wanalima migomba na kahawa, lakini kila mwaka wanamletea bwana ndizi, pombe na fedha kidogo, na bwana akiona sababu anaweza kuwatoa. Nilikulia humo nikiona watu wazima wanampigia baba magoti. Nilipochukua nafasi yake wakanipigia mimi, nikaona ni sawa.

Uchaguzi ulipokuja, mnakumbuka tulivyotakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mhindi, na ukiruka mmoja kura yako imeharibika. Wale wawili nilichagua kama mtu anayefumba macho. Rafiki yangu nilimchagua kwa moyo wote, na baiskeli yangu nilimpa azungukie vijiji. Huko vijijini aliahidi kwamba atasimama Barazani aitake serikali iivunje nyarubanja. Nilipiga makofi pamoja na watu. Jamani, nilidhani ni maneno ya kuombea kura!

Akashinda. Kabla ya kikao akaanza kuwaambia watu kwamba safari hii neno lao analipeleka. Baba zangu wadogo wakaniita, wakaniuliza inakuwaje rafiki yangu anataka kutuvua nguo na mimi ndiye niliyempa baiskeli.

Nikamfuata gatini Bukoba siku anapanda meli ya Mwanza. Watu walikuwa wengi, wanamshika mkono, wanampa mikungu ya ndizi kana kwamba huko Dar es Salaam watu hawali. Nikamvuta nyuma ya magunia ya kahawa. Nilikuwa na buni kiganjani.

"Kwa omukago wetu," nikamwambia, "neno la nyarubanja usiliseme."

Aliitazama ile buni mpaka watu wakaanza kumwita. Kisha akaichukua, akaitafuna.

"Umeniomba kitu ambacho si changu," akasema, akapanda meli.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Barazani alisema habari za barabara, bei ya kahawa na zahanati. Juu ya nyarubanja, kimya. Kwanza watu walisema tusubiri. Baadaye wakasema amekula. Kwao Kanazi wazee wakaacha kumwamkia, na mkewe akifika kisimani wanawake wenzake wananyanyua mitungi yao na kuondoka.

Nilikuwa na mpangaji mmoja, mama mjane, nitamwita Ma Koku. Huyu ndiye aliyenilisha nilipokuwa mdogo na mama yangu mgonjwa. Mumewe alizikwa katika kibanja chake, lile shamba linaloizunguka nyumba, na mwanawe wa pekee naye alipofariki akazikwa papo hapo, kati ya migomba. Baba zangu wadogo wakasema kibanja hakina mwanamume tena, kirudi kwenye ukoo. Ma Koku hakuogopa. Alisema sheria inakuja, mheshimiwa ameahidi.

Akaenda Kanazi kwa miguu kumuuliza. Mheshimiwa aliinamisha kichwa, akamwambia mkewe ampe mgeni chakula. Ma Koku akarudi moja kwa moja kwangu.

"Waitu mwanangu, yule ameuza ulimi wake," akaniambia. "Afadhali wewe."

Nami nikamjibu, "Siasa ndivyo zilivyo, Ma."

Ole wangu! Hilo ndilo linaloniamsha usiku kuliko hata ile buni.

Mwana wa baba mdogo akapewa kibanja. Ma Koku akaondoka na jembe na chungu, akaenda kwa binti yake Kitendaguro. Makaburi yake yamebaki huku.

Mtauliza kwa nini sikumfungua rafiki yangu. Neno moja tu lingetosha. Kila alipokuja likizo nilisema kesho. Niliwaogopa wazee wa ukoo, ndiyo, lakini nisidanganye, nilizipenda pia zile ndizi na yale magoti.

Muhula ukaisha, Baraza likavunjwa, na watu wakamtaka mtu mwingine. Hapo ndipo nilipokwenda Kanazi, mpumbavu mimi, maji yamekwisha kumwagika. Alinipokea vizuri. Mkewe akaleta kahawa ya kutafuna, naye akakisogeza kisahani kwangu, yeye asichukue hata moja.

Nikamwambia omukago ni wa pande mbili. Yeye naye aniombe kwa damu yetu nirudishe kibanja cha Ma Koku. Ukoo wangu hauogopi sheria wala mchungaji, lakini omukago unauogopa, na nikiwaambia nimeombwa hivyo watarudi nyuma. Mimi peke yangu sina nguvu kwao. Nilimsihi mpaka machozi yakanitoka, mtu mzima mimi!

"Mdomo wangu umekwisha kuutumia mara moja," akasema. "Safari hii tumia wako."

Nikarudi, nikawaita baba zangu wadogo wakae. Nikakohoa. Nikawauliza habari za mvua.

Ndiyo maana naandika. Na hata humu mnaona, jina nimelificha.

Wenzangu, ukiwa na rafiki aliyepewa neno la watu, usimwombe akugawie. Si lake. Akikupa, yeye ataitwa mwizi, na wewe utakaa na kitu ambacho huwezi kukila wala kukirudisha. Msimcheke mheshimiwa wetu mkimkuta njiani. Mwamkieni, nawaomba, mimi siwezi.

Nikienda mjini hupitia Kitendaguro. Ma Koku akiniona hunikaribisha, hunipa kahawa ya kutafuna, akaniuliza kama makaburi yake yanapaliliwa. Humjibu ndiyo, Ma. Kisha anamlaani mheshimiwa, nami natafuna.