Tiketi za Upande wa Jua

Hapa Garissa, mtu anayerudisha tiketi ya kivulini ili apewe ya juani hutazamwa kama ana homa. Ndivyo muuza tiketi alivyonitazama.

"Abaayo, huku ni jua tubu," aliniambia, akiniita dada kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Hema watu wanabigania, wewe unarudisha?"

"Narudisha."

Hema lenyewe halikuwa na kasoro. Lilikuwa na viti vya kitambaa na maji baridi, na kaka yangu alitununulia nafasi humo, mimi na mama, tutazame maandamano ya sherehe ya utamaduni kwa raha zetu. Lakini lilikuwa upande wa kulia wa barabara kwa wanaoandamana.

Katika maandamano yale angepita ngamia aliyebeba nyumba ya kuhama, miti na mikeka yake. Mkeka mmoja ulikuwa wa mama. Aliusuka Habaswein, kabla hatujahamia mjini. Tulipohamia, kaka alitaka autupe. "Nyumba ya mawe haivai mkeka, hooyo," alisema, akicheka. Tangu siku hiyo mama akawa anaficha mikono yake ndani ya shungi wageni wakija. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimnunia kaka hadi nikachoka mwenyewe. Kwa hiyo waandalizi walipokuja kutafuta mikeka, niliwabebea wake, ambao hakuutupa, mimi mwenyewe. Mama alitaka jambo moja tu: auone tena mgongoni mwa ngamia, na watu wauone.

Sasa kwetu, mkeka bora hufungwa kushoto mwa ngamia, upande anaosimama mwanamke akipakia. Kulia huning'inizwa vibuyu, kamba na madumu. Kaka, mtu wa ofisi, alichagua kivuli basi. Mama alipoelezwa hema liko wapi, alisema, "Huko tutaona madumu." Nikaenda kubadilisha siku hiyo hiyo. Kaka akasema tumerogwa, akabaki hemani kwake.

Jua lilituchoma, nisiseme uongo. Viti vya plastiki vilikuwa vya moto hata tukakalia kanga. Wakapita wanafunzi, wakapita wapiga ngoma, wakapita wazee na bakora zao. Nikaanza kuogopa: je, kama waliopakia ni watu wasiojua? Mama alikuwa ameshika mkono wangu chini ya shungi lake, anaubana.

Kisha ngamia akatokea, anatembea kwa madaha yake, na ubavuni kwake kushoto, kutoka nundu hadi tumbo, mkeka wa mama. Nyekundu yake haikuwa imefifia. Wanawake wote wa upande wetu walisimama kwa pamoja, vigelegele vikapanda hadi aliyemwongoza ngamia akapunguza mwendo. Nililia, na sikujifuta.

Simu ikalia. Kaka, kutoka kivulini: "Mnashangilia nini huko? Mimi naona madumu tu."

"Kunywa maji baridi, walaal," nikamwambia, nikakata.

Mwanamke aliyeketi mbele yetu, tusiyemjua, akageuka. "Wallahi, huu umesukwa na nani?"

Miaka yote nimemsikia mama akiulizwa juu ya kazi zake, na jibu lake ni lile lile: tulisuka, sisi wanawake wa kule. Safari hii alitoa mikono yote miwili ndani ya shungi, akaiinua juani.

"Mimi," akasema.