Upande Wenye Moshi

Chuoni walimwita Milimita, na jina lenyewe hakulipata bure. Siku ya kwanza ya karakana mwalimu aliuliza nani anaweza kukadiria urefu wa meza iliyokuwa mbele yao. Wenzake wakaanza kubahatisha, huyu mita mbili, yule futi sita, yeye akachomoa tepu ya kupimia mfukoni. Sasa niambie, mwanafunzi gani anatembea na tepu mfukoni? Iliishi mfuko mmoja na simu yake, kioo cha simu kikakwaruzika chote, na wala haikumsumbua.

Alikuwa anasomea kuchora kwa kompyuta na kukata kwa leza. Kama hujawahi kuiona mashine hiyo, ni sanduku kubwa lenye mfuniko wa kioo. Ndani yake unapita mwale mwembamba kama uzi, unafuata mchoro uliouchora kwenye kompyuta, na pale unapopita plaiwudi inaachana yenyewe. Milimita aliipenda mashine ile kupita kiasi. Alijua kasi ya kukatia kila ubao, alijua kusafisha lenzi bila kuigusa kwa kidole, na mwalimu, mtu ambaye kusifia kwake ni kunyamaza, alikuwa akifika nyuma ya kiti chake ananyamaza kabisa.

Basi, baba yake alikuwa dereva wa lori mpaka macho yalipomtupa mkono, kwanza pembeni, kisha katikati. Tangu hapo alikaa sebuleni na redio, akibishana na watangazaji kana kwamba wanamsikia. Halafu ikapatikana nafasi ya kupokea simu kwenye jengo moja la ofisi. Akaenda kwenye usaili, na sauti yake nzito ikawakosha wote. Meneja akamwambia kazi ni yake kuanzia Jumatatu, ila hakuna mtu wa kumshika mkono kila asubuhi, kwa hiyo lazima aweze kutoka getini hadi mezani kwake mwenyewe.

"Hilo tu?" baba alisema.

Kumbe moyoni alikuwa anatetemeka. Mkewe alipojitolea kumsindikiza kila siku, akamjibu kwamba hajawahi kupelekwa kazini kama mtoto wa chekechea na hataanza leo. Mama akasusa, akaingia jikoni kugongagonga masufuria. Milimita akaweka kikombe chake chini.

"Baba, niachie mimi. Nitakutengenezea ramani ya kushika."

Hakusema "nitajaribu." Neno hilo halikuwa kwenye kamusi yake.

Ramani ya kwanza ilikuwa kituko. Alienda na tepu yake akapima ghorofa ya chini yote, kila mlango, kila nguzo, vyoo, hadi sinki, akachora vyote kwa uwiano sahihi, kazi safi ya kutundikwa ukutani. Baba akapitisha kidole chake kinene cha kushikia usukani, akarudia, akakunja uso.

"Mama," akamwambia, maana ndivyo alivyomwita binti yake tangu mdogo, "hapa ni kama nimeshika kitana. Umenichorea jengo zima. Mimi nataka njia yangu."

Milimita akacheka, akarudi karakana akafuta kila kitu. Safari hii alichora njia moja tu, pana ya kutosha kidole. Unaingia getini, unanyoosha na ukumbi mpaka njia panda, unakata kulia, unafuata ukuta mpaka mwisho, na pale mwisho kuna duara: meza ya simu. Leza ikakata njia hiyo kwenye plaiwudi, ikatoboka upande hadi upande. Kilichobaki ni kuubandika ubao huo juu ya mwingine mzima, ili kidole kitembee ndani ya mfereji.

Hapa kuna jambo moja la karakana. Leza inachoma, na mashine yao iliacha moshi juu ya ubao, michirizi ya kahawia kandokando ya kila mkato, inatia kinyaa. Wanafunzi walikuwa na dawa yake: wanaugeuza ubao, upande wa chini uliotoka safi ukae juu. Milimita naye hakuweza kuvumilia doa kwenye kazi yake. Mkono wake uligeuza wenyewe, akapaka gundi, akabana, akapiga msasa. Ikatoka ramani ya kupendeza. Geti lilikuwa katikati ya ukingo, basi kila kitu kilikaa sawasawa na hakikumwashia taa yoyote kichwani.

Baba aliipokea akajifungia nayo chumbani. Hakutaka kuulizwa wala kuelekezwa. Kila ukipita mlangoni unasikia kidole kinakwaruza ubao, kwenda na kurudi, na mara mojamoja anaguna kwa kuridhika. Ijumaa akatangaza mezani kwamba ameshaihifadhi, na kesho anaenda kujipima.

Jumamosi meneja akawafungulia jengo. Milimita aliapishwa abaki getini na afunge mdomo. Baba akanyoosha fimbo yake nyeupe akaingia, na jamani, alitembea vizuri. Mabega juu, hatua ndefu, ungedhani jengo ni lake. Alipofika njia panda akakata kushoto bila kusita hata kidogo, akafuata ukuta mpaka mwisho, akafungua mlango, akajitosa moja kwa moja kwenye stoo ya usafi. Ndoo zilianguka zote. Mwenye stoo, mama mmoja wa makamo, alikuwa ndani anakamua dekio.

"Karibu," akamwambia. "Leo nimepata msaidizi."

Alisema kwa wema tu, lakini baba hakucheka. Meneja naye akatazama saa yake. Njiani kurudi nyumbani baba alikunja fimbo akaishika kwapani, akauacha mkono wake kwa binti yake bila ubishi wowote, na hilo ndilo lililomuumiza Milimita kuliko ndoo zote. Walipofika, baba akamkabidhi ramani.

"Kichwa changu kimezeeka. Kesho nampigia meneja, nimwambie atafute mtu mwingine."

Milimita alikaa kitandani kwake na ramani mapajani. Baba yake hakuwa mtu wa kusahau njia. Alishapita barabara za nchi tatu bila karatasi. Akaweka kidole getini, akanyoosha, akafika njia panda. Kidole kikaenda kushoto. Akarudia, kikaenda kushoto tena. Akainua ramani usawa wa macho, akachungulia ndani ya mfereji, na kule chini, kwenye kingo zilizolala juu ya gundi, akauona moshi.

Hakuzunguka mbuyu, alienda sebuleni akazima redio.

"Baba, kichwa chako kizima. Nimekosea mimi. Niligeuza ubao ili upande wenye moshi usionekane, kulia ikawa kushoto. Ulifuata ramani barabara."

Mabega ya baba yakaanza kutikisika.

"Subiri kidogo. Umeficha moshi ili nisiuone mimi?"

Mama, aliyekuwa amebeba sinia la vikombe, ilibidi aliweke chini, maana alicheka mpaka akashikilia ukuta. Baba alicheka hadi machozi. Milimita naye akacheka, ila masikio yake yalikuwa yanawaka moto.

"Usimpigie mtu simu," alisema. "Kesho jioni utakuwa nayo."

Mwalimu alifungua karakana Jumapili mchana huku ameudhika, akasikiliza kisa chote, akanyamaza. Safari hii haukuwa mnyamazo wa sifa. Milimita akakata upya, akabandika moshi juu, hakupiga msasa wala kufuta. Usiku ule kwenye mto wa baba yake kulikuwa na alama za vidole za kahawia, na mama hakugombeza.

Jumatatu asubuhi Milimita alisimama tena getini. Baba alimkabidhi ramani, akapangusa vidole kwenye leso, akaingia. Mabega juu. Njia panda akasimama kidogo tu, akakata kulia, akapotea.

Milimita alisubiri kadiri alivyoweza, nako si kwingi. Akatoa simu mfukoni, tepu ikatoka nayo, akapiga namba ya jengo. Iliita mara moja tu.

"Mapokezi, habari za asubuhi," ilisema sauti nzito.

Akajikaza, akajifanya mgeni.

"Samahani, niko hapa getini. Nafikaje mapokezi?"

Alijua ameshatambuliwa.

"Ingia, nyoosha na ukumbi mpaka njia panda," baba akamwelekeza taratibu, kama anavyostahili mteja yeyote. "Hapo kata kulia, ufuate ukuta mpaka mwisho. Utanikuta nimekaa. Na uje unawe mikono kabla hujaenda darasani, maana hiyo ramani inachafua."