Mahali Pasipo na Watu

Siku ile tulikuwa mimi, binti ya ami yangu, kaka zake watatu na mama yao. Majina yote nnayo, ila siyataji.

Leo mjukuu wangu hapa Mawaleh, huku Arabuni kwenye joto, katoa sandukuni glavu za safari zao za mlima wa theluji, zimevunda kwa unyevu. Pua yangu ikanirudisha Unguja, utotoni, kwenye chemchemi niliyoivumbua mwenyewe likizo ya skuli, watu wote wamejazana pwani. Maji yalikuwa baridi, mawe yananuka hivi hivi.

Siri nilimpa binti ya ami peke yake. Kesho yake nikamkuta kawaleta kaka zake na mama yao, wametandika jamvi juu ya jiwe langu.

"Rudi pwani, shoga, huku pameshajaa!" akaniambia. Wote wakacheka. Mama yake akanirushia ganda la chungwa.

Sasa binti ya ami naye ni bibi, yuko Al Amerat, si mbali na hapa. Juzi kanipigia simu.

"Mwenzangu, wajukuu zako hupata wapi mlima wa theluji usio na watu likizo hizi? Wetu mwaka jana walipanga foleni mpaka wakalia."

Mlima wetu mdogo naujua, hata jina la kijiji chake. Nikamtajia ule mkubwa, unaojaa watu wa dunia nzima.

"Huko, bibi wee, utasikia pumzi zako tu."

Wameshakata tiketi, yeye na wajukuu zake.

Labda lilikuwa ganda la balungi, si chungwa. Aliyekuwepo anisahihishe. Hata yeye, akisharudi, anipigie.