Jini Aliyengoja Hina Ikauke

Nikishika mkono wa mtu kwa muda, nasikia anachowaza. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu nimeona kwamba nikilisema katikati, watu husahau yote niliyowaeleza kabla yake. Sikurithi kwa mtu wala sikufundishwa. Lilikuja pamoja na kazi ya kupaka hina, ambayo nayo nilijifundisha mwenyewe, kwa kutazama video kwenye simu na kuchora maua juu ya sahani za mamangu hadi akanikataza kuzigusa.

Mwanzoni nilidhani ni wasiwasi wangu tu. Ua likipinda kidogo kwenye kiganja nalifuta na kulirudia, hata kama mwenye mkono amesema ni zuri. Kwa hiyo niliposikia, "Huyu atanichelewesha, bora ningemwita yule mwingine," nilifikiri ni mimi ninayejisema. Kisha mteja mmoja akawaza kwamba ameacha jiko likiwaka. Nikamwambia, "Dada, piga simu nyumbani wazime jiko." Akanitazama kama mtu aliyenikamata nimetia mkono mkobani mwake.

Tangu hapo nilinyamaza, lakini nikaanza kujipima. Nikisikia jambo, nilitafuta njia ya kuuliza bila kuuliza, nijue kama nimepata au nimekosa. Nilikuwa napata. Nakiri kwamba hilo lilinipa kiburi. Ndilo jambo pekee maishani mwangu ambalo halikuhitaji kufutwa na kurudiwa.

Walionichukua ni kina mama wanne wa Mji wa Kale. Ukienda harusini au msibani upande ule utawakuta jikoni, wamekaa kwenye vigoda, wanamenya vitunguu saumu. Hakuna anayeuliza nani amewaita, maana upande wa mume hudhani wameitwa na upande wa mke, na upande wa mke hudhani kinyume chake. Kazi yao hasa ni kuangalia majini. Nyumba ikisemwa ina kitu, hutafuta njia ya kuingia kabla hajaitwa mtu wa kuzingua, yaani kutoa majini, wakatazama, kisha wakamwambia mwanamke mkubwa wa nyumba neno moja: Kipo, au Hakipo. Hawafukuzi kitu wala hawatibu. Na neno lao hufuatwa.

Mkubwa wao alikuja kwetu Tudor mchana wa jua kali. Alipanda ngazi za gorofa akizilaani moja moja, akakaa, akanipa kiganja nimpake hina ya kizee, ya kujaza tu. Nilipoushika mkono nikasikia, Kama wanisikia, niulize kama nataka maji. Akalirudia, akalirudia, kwa subira ya mtu avutaye tasbihi. Nilijikaza. Nikapaka vidole vyote. Yeye haachi.

"Bi mkubwa," nikasema mwisho, "wataka maji?"

"Sitaki maji," akasema. "Nakutaka wewe. Msikilizaji wetu amekufa."

Mamangu alidhani nimepata mchumba.

Niliingizwa chamani jikoni, kwenye harusi ya watu nisiowajua, nikiwa nimeshika kisu. Nilikuwa na hofu. Sisi si watu wa Mji wa Kale. Mamangu alitoka Rabai akaja kupika shuleni, na mimi huwasalimu wenyeji wa kule kwa uangalifu mwingi mno, kama mtu anayepita juu ya sakafu iliyopigwa deki. Nikaeleza ninavyofanya kazi. Nikauliza maswali yangu yote niliyoyapanga.

"Na kama sijui?" nikauliza.

"Ukisema hujui," akasema mkubwa, "watu wa nyumba wataambiwa wangoje mwezi uandame, ndipo tutazame tena. Na kila kitu kisimame."

"Marehemu hakusema hivyo hata siku moja," mwingine akadakia. "Msikilizaji asiyejua ni wa nini? Si heri amenye vitunguu."

Wakacheka. Mimi nilicheka nyuma yao, nikajiapia kwamba neno hilo halitanitoka.

Katika nyumba ya kwanza kitu kilikuwapo. Mtoto alikuwa hataki kulala chumba cha juu, na nilipomshika mkono nikasikia, nyuma ya mawazo yake ya kitoto, kama mtu anayesoma huku amefumba mdomo. Nikasema Kipo. Kitanda kikateremshwa, chumba kikafungwa, mtoto akalala. Sina la kuongeza. Nyumba nyingi zilizofuata hazikuwa na kitu ila panya na bati bovu. Sikukosea hata moja, na nilikuwa nikirudi Tudor nimejaa furaha ya siri kama mwanafunzi aliyepewa alama zote.

Kisha likaja la bi harusi.

Alikuwa ameanguka siku ile mahari yalipoletwa, akaanguka tena alipopelekewa nguo achague. Macho yaligeuka, na sauti nzito ikasema kwamba yeye tayari ana mume. Watu wote wakasema ni jini mahaba, yule anayempenda mwanamke na kumkataza binadamu asimwoe. Nikaha ilikuwa Ijumaa. Tukisema Hakipo, angeozwa Ijumaa hiyo hiyo. Tukisema Kipo, baba yake alikwishaagana na mzee mmoja wa bara anayesifiwa kwa kuwafungia wanawake chumbani na kuwafukizia moshi hadi jini akiri. Mimi niliitwa nimpake hina. Wenzangu walikuwa jikoni, na vitunguu vyao.

Mkono wake ulikuwa mkavu, umetulia. Nikangoja nisikie sauti ya pili. Nikasikia malori.

Alikuwa Shimanzi, kule kwenye maghala ya bandarini. Kichwani mwake alikuwa amekaa ofisini kwake, kampuni ya kusafirisha mizigo, kwenye kiti kilicho karibu na dirisha. Alilijua kila lori kwa mlio wake. Mchumba wake, mtoto wa ami yake anayekaa Mbaraki, alikwishamwambia kwamba akiolewa ataacha kazi. Basi alikuwa akiwaza nani atapewa kiti kile, na kama huyo atajua kwamba karani wa getini husema "limeshatoka" kabla lori halijawashwa. Hakukuwa na mtu mwingine mle ndani. Hakukuwa na jini, wala mpenzi.

Halafu nikamsikia wazi kabisa: Nianguke sasa? La. Hina mbichi, na huyu maskini ameshalirudia ua hili mara mbili. Ikikauka ndiyo nianguke.

Nilitamani kulia, na nilitamani kucheka. Sikuwahi kuonewa huruma kwa ustaarabu namna ile.

Jibu sahihi nilikuwa nalo. Hakipo. Lilikuwa safi, halina shaka hata kidogo, na lingemwoza Ijumaa. Nikachukua kitambaa nikafuta jani moja lililokuwa sawa kabisa. Sikuwahi kufuta kitu kisicho na kosa. Nilitaka tu hina isikauke nikiwa bado sijaamua.

"Mbona wachora polepole hivyo?" mama yake akauliza kutoka mlangoni. "Wachora ramani?"

"Nasawazisha, mama."

"Sawazisha upesi, mwanangu. Watu wana njaa."

Alipoondoka, nikainamia kiganja. "Usianguke," nikanong'ona.

Mawazo yake yakasimama ghafla. "Nani amekwambia?"

"Wewe."

Hakuuliza zaidi, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. "Nisipoanguka wataniozesha," akasema.

"Ukianguka watakupeleka bara."

"Bara wapi?"

Hakuwa amejua habari za yule mzee. Nikamweleza, nikiendelea kuchora, na mkono wake ukaanza kutoka jasho.

"Mamako umeshamwambia?" nikauliza.

"Nimwambie nini? Kwamba nataka kiti?"

Nililichora lile jani upya, likatoka limepinda, nikaliacha.

Jikoni walikuwa wakipunguza moto wa pilau. Mkubwa hakuinua kichwa. "Haya?"

"Sijui," nikasema.

Mkubwa akainua kichwa.

"Hujui?"

"Sijui."

"Wewe?" akasema yule mdakizi. "Wewe uliyetuambia panya kabla hatujavua viatu?"

"Hina imempanda kichwani," akasema mwingine. "Mpeni maziwa."

Ingekuwa rahisi kwangu kukubali nimeiba kuliko kusema neno lile mbele yao, na nilikuwa nimelisema mara mbili. Mkubwa akajifuta mkono kwenye leso yake, harufu ya vitunguu haikutoka, akaunyoosha kwangu kama mtu anayetaka kuinuliwa. Nikaushika. Nilitarajia kusikia kwamba nimefukuzwa. Nikamsikia akihesabu siku zilizobaki mpaka mwezi uandame, akaona ni chache.

Akaenda mwenyewe kwa mama wa bi harusi. Tulimsikia kutoka pale tulipokuwa. "Mwezi huu umekwisha, haufai kutazamia kitu. Ngojeni huu ujao nao uandame na uishe, kisha tutakuja."

"Na wageni? Na chakula?"

"Wageni wale. Nani amewakataza kula?"

Aliporudi akakaa kwenye kigoda chake, akanisukumia beseni. "Kamata kisu," akasema. "Msikilizaji asiyejua kazi yake ni hii."

Harusi haikufanywa Ijumaa ile. Yaliyofuata niliyapata vipande vipande, kwa mazungumzo ya jikoni. Msichana hakuanguka tena. Alimwambia mamake, kwa maneno yake, habari ya kazi na kiti. Mamake alinuna wiki nzima, kisha akaenda Mbaraki, kwa mchumba, kuuliza kama jambo la kazi lina nafasi. Halikuwa nayo. Upande wa mume ukasema hauwezi kungoja msichana mwenye jini, ukachukua mahari yao ukaenda. Baba yake hakumsemesha kwa muda mrefu. Na kuna watu hadi leo akipita humwita yule wa jini mahaba, ingawa humwita kwa sauti ndogo.

Wakati ulipofika tulirudi kutazama, kama ilivyoahidiwa. Safari hii hakukuwa na hina wala nyimbo. Msichana alikuwa ametoka kazini, amechoka, anataka kuvua viatu. Nikamshika mkono mbele ya mamake. Alikuwa akiwaza lori lililokwama getini tangu asubuhi, na kama karani ameongopa tena.

"Hakipo," nikasema.

Mamake akashusha pumzi. Mkubwa wetu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia habari asiyoijua, akainuka kwenda.

Sijarudishiwa kazi ya kusikiliza peke yangu. Kila tukiingia nyumba mpya mkubwa huniuliza kwanza, mbele ya wote, "Leo wajua?" nao hucheka, kisha hunipa beseni. Vitunguu saumu bado navimenya vibaya. Vyao hutoka vizima, vyangu hutoka na makovu, na huwa natamani kuvirudia.