Mlango wa Pikapu Uliobisha Hodi Tumbe

Nichekeni mapema, maana mbele hamtacheka: kijijini Tumbe kulikuwa na pikapu inayobisha hodi.

Ko. Ko. Ko.

Kutoka ndani ya mlango wa abiria. Tena ikifika nyumba moja tu, ya Bi Mwanamize.

Pikapu mpya, viti bado vina nailoni. Mwenyewe Mwatum, mchuuzi wa samaki, aliuza hadi dhahabu za harusi yake kuipata. Ikafukizwa ubani, ikasomewa dua. Wapi! Dereva akaingia mitini, wapakizi wakagoma, samaki wakawa wanaozea dikoni, pale pwani wanaposhushwa.

Mwatum akanifuata kwangu Msuka, kijiji cha jirani.

"Vuai, weye si ulikuwa ukiyaunda haya huko Dar? Njoo umtoe shetani wako!"

"Shetani wa Dar hapandi boti bila kitambulisho, dada."

Hakucheka. Macho mekundu. Nikabeba bisibisi.

Ni kweli, nilikuwa kwenye kiwanda cha kuunganisha magari, kile kile ilikotoka pikapu yake. Idara ya milango. Bodi linakuja tupu, sisi tunatia nyaya, kufuli na vioo.

Mwenzangu kwenye laini alikuwa Khatib, mtoto wa Bi Mwanamize. Enhe, wa nyumba ile ile.

Khatib alikulia kwenye mishipi. Nyaya hakuzibana kwa klipu tu kama tulivyofundishwa. Alizizungushia uzi, akapiga fundo la wavuvi wa kwao, lile la kufungia ndoana. Msimamizi alimfokea mpaka akachoka. Kiwanda kizima hakuna mwengine aliyeliweza. Hata mie lilinishinda.

Halafu siku moja bodi likachomoka kwenye winchi, likamwangukia.

Tulimrudisha Tumbe ndani ya sanda. Tasbihi aliyopewa na mama yake haikuonekana. Ilikuwa na punje moja iliyopotea, pahala pake kimetiwa kifungo cha shati.

Basi. Jua kali, pikapu mbele ya nyumba ya Bi Mwanamize, nikabandua kava la mlango.

Nikachungulia ndani.

Tasbihi inaning'inia kwenye waya. Ina kifungo cha shati.

Nikakata uzi haraka, nikaishika. Ikanijia akilini: shimo kubwa pekee la barabara ile liko hapo. Gari likitumbukia, punje zinagonga bati.

"Kumbe tasbihi!" Mwatum akapumua kama aliyetoka kuzama. "Mpe mama wa watu, tukapakie samaki."

Nikampelekea Bi Mwanamize kibarazani. Akaibusu, akailaza kifuani. Kisha akanirudishia.

"Itie ulipoitoa."

"Bi, lakini..."

"Mwanangu alikufa hakuniaga. Sasa kila akipita ananibishia hodi, nami namwitikia karibu. Weye fundi gani, unakuja kumziba mdomo?"

Nikamtazama Mwatum. Gari lake, riziki yake.

Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Irudishe, Vuai. Wapakizi wakiogopa, nitapakia mwenyewe."

Nikainama mlangoni. Hapo ndipo nilipoona kipande cha uzi kilichobaki kwenye waya.

Fundo la ndoana. La Khatib, halina mfano.

Nikataka kutabasamu. Kisha nikaona klipu.

Zilikuwa za kijani.

Enzi zetu mie na Khatib klipu zote zilikuwa nyeupe. Za kijani zililetwa baada ya mazishi. Boksi la kwanza nililifungua mimi, nikiwa peke yangu kwenye laini.

Mlango ule ulifungwa nyaya wakati Khatib yuko tayari chini ya mchanga wa Tumbe.

Niliifunga tasbihi kwa fundo langu la ovyo, nikarudisha kava. Bi Mwanamize hajui. Mwatum hajui. Mkimwambia Mwatum nitawajua, maana atauza gari.

Ninachowaambia ni hiki: ukiitwa kutengeneza kitu, uliza kwanza kama yuko anayekipenda hivyo hivyo kibovu.

Wiki iliyopita kava lilipasuka, nikalifungua tena.

Fundo langu halipo. Pahala pake limefungwa lile la ndoana, vizuri.