Kutoa Wimbo kwa Klarineti

Daktari alinionya mapema, tena kwa upole, kwamba rovu likitolewa shingoni huenda sauti yangu isirudi kama ilivyokuwa. Nilimwambia atoe tu. Nilidhani anazungumzia wiki chache za kukwaruza. Majira ya joto yakapita, majani yakaanguka pale Hallonbergen, mtaa wetu pembeni mwa Stockholm, na bado niliongea kama mtu aliyetoka kitandani sasa hivi. Kuongea hivyo ningevumilia. Shida ni kwamba nilikuwa mtoaji wa nyimbo katika kwaya yetu ya Kiswahili kule Norsborg.

Mtoaji ndiye anayeanza. Anatoa mstari peke yake, wengine wanaitikia, anatoa mwingine, wanaitikia tena. Kazi hiyo niliianza nikiwa msichana kambini Kigoma, ambako sisi Warundi tulikuwa na makwaya mengi kuliko mabomba ya maji. Baada ya operesheni nafasi yangu akapewa binti mmoja mwenye sauti nyembamba, nzuri, isiyo na makosa. Mimi nikawekwa mstari wa nyuma, nikawa nafungua mdomo bila kutoa kitu. Nilimwonea wivu yule binti, wala sifichi. Kila Jumamosi baada ya mazoezi nilipanda treni nimenuna, nikabadilisha treni nimenuna, nikafika nyumbani nimenuna, na binti yangu akajifunza kuniachia chakula mezani na kunikimbia.

Jioni moja redio ilikuwa imewashwa jikoni. Kikasikika chombo kimoja cha muziki kinaimba chini, polepole, sauti nene yenye ukungu kidogo. Nikaacha kuosha sufuria. Niliijua sauti ile, ilikuwa imekaa palepale ilipokuwa imekaa ya kwangu. Nikamuuliza binti yangu ni kitu gani.

"Klarinett, mamma," akajibu kwa Kiswidi, hata kichwa hakuinua.

Basi nikatafuta klarineti. Hapo Sundbyberg, karibu na kwetu, palikuwa na kozi ya jioni ya watu wazima wanaoanza, na mwalimu wake alikuwa mama wa Kiswidi aliyestaafu, mwembamba, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Aliniazima klarineti ya plastiki aliyokuwa ameihifadhi kabatini. Alitaka nimwite kwa jina lake kama wafanyavyo wao. Nilishindwa. Mtu wa umri wa mama yangu nimwite kwa jina? Nikamwita mwalimu, akazoea.

Aliniuliza ninataka kufika wapi. Nikamwambia nataka kutoa wimbo kanisani siku ya Pasaka. Pasaka ipi, akauliza. Inayokuja, nikasema. Akavaa miwani, akanitazama vizuri.

Mimi si mtu wa subira, na yule mama alinifundisha kana kwamba tuna miaka mia. Kwanza hakunipa wimbo wowote. Alinipa sauti moja. Nianze kimya kabisa, sauti izaliwe bila kishindo, ikue, ijae chumba, kisha niipunguze hadi nisijue imekwisha lini. Halafu nyingine. Nilimwambia mimi nimeimba maisha yangu yote, pumzi ninazo. Akaniweka mbele ya kioo. Nikajiona mabega yanapanda hadi masikioni na mashavu yamevimba. Pumzi ishuke tumboni, alisema, mabega hayana kazi hapa. Na kile kipande cha mwanzi kinachofungwa kwenye mdomo wa klarineti, ambacho mimi nilikiita ulimi, nisiking'ate. Mdomo ukizunguke kama mfuko uliofungwa kamba. Nilikuwa naking'ata kwa hasira, na chenyewe kilinijibu kwa kupiga mayowe.

Nyumbani palikuwa na jirani wa chini ambaye hakupenda mayowe hayo, akapanda kuniambia. Alikuwa na haki, japo siku ile nilimfungia mlango kwa nguvu kidogo. Ikabidi nijifunze kupiga kwa sauti ya chini. Hapo ndipo nilipogundua kuwa kupiga polepole kunakula pumzi kuliko kupiga kwa nguvu. Ukilegeza tumbo tu, sauti inakufa. Nilipomweleza mwalimu, alicheka akasema nimsalimie jirani.

Mazoea mengine yaliniingia moja moja. Kulowesha ulimi kabla ya kuanza, na kuwa na ndimi kadhaa za kubadilishana ili mmoja usichoke. Kupitisha kitambaa ndani ya klarineti nikimaliza, hata kama usingizi umenikaba. Vidole visiruke juu kama kuku aliyeona mwewe, vikae karibu na matundu. Na nikijikwaa, nisirudi mwanzo wa wimbo, nirudie zile sauti mbili tu nilizojikwaa katikati yake, taratibu, mpaka vidole viache kubishana. Hilo la mwisho lilinitesa sana, maana sisi kwenye kwaya mtu akikosea tunaanza wote upya, tena kwa furaha. Kwenye treni nilifanya mazoezi ya vidole juu ya mpini wa mwavuli. Watu wa Stockholm hawaulizi mambo ya mtu, kwa hiyo nilikuwa huru.

Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Theluji ilipoanza nilikuwa naweza kupiga wimbo mmoja wetu mzima, mstari wa mtoaji, bila kosa. Mwalimu aliniandikia sauti zake kwenye karatasi, na mimi nikazikariri hadi nikawa naziota. Nikaenda Norsborg na kisanduku changu begani nikijiona nimemaliza kazi.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa baba Mkongomani kutoka Bukavu, mtu wa ucheshi na wa kuchoka upesi. Aliniruhusu nijaribu. Binti mtoaji akaanza wimbo, kwaya ikaitikia, na mimi nikaingia. Mungu wangu. Nilikuwa nimepiga sawasawa kabisa, kila kidole mahali pake, na ilikuwa kama kuingia nyumba ya watu kwa dirisha. Kwaya ikasimama. Mtu mmoja akacheka, halafu wote.

"Mama," mwalimu wa kwaya akasema, "hiyo kitu inaimba ya kwake, na sisi tunaimba ya kwetu. Tutafanya je?"

"Nyinyi ndio mmeanza juu," nikamwambia.

"Juu ya wapi? Sisi tunaanza fasi sauti inatokea. Doo yetu, ile ya doo-ree-mii, haiko na nyumba moja, inatembeaka. Unajua, mama. Wewe mwenyewe ndiye ulikuwa unaitembeza."

Alisema kweli, na ukweli huo ulinikasirisha zaidi ya kicheko. Miaka yote nilipokuwa mtoaji nilianza wimbo pale koo langu lilipoamkia siku hiyo. Hakuna aliyenipa sauti, hakuna kinanda. Na roho zikichangamka, katikati ya wimbo nilipandisha, kwaya nzima ikapanda nyuma yangu. Lakini klarineti niliifundisha wimbo mahali pamoja tu, kama mtu anayejua njia ya kwake akitokea sokoni tu, ukimshusha kwingine anapotea.

Nilimweleza mwalimu wangu Sundbyberg, nikiwa na nia ya kumrudishia klarineti yake. Akaniuliza, basi mnaimba kwa ufunguo gani, yaani doo yenu inakaa kwenye sauti ipi? Nikamwambia hatuna ufunguo, tunaanza. Hakunielewa. Nikatoa simu yangu, ambayo nilikuwa nimerekodia mazoezi kadhaa, akasikiliza wimbo uleule jinsi ulivyoanza kila mara. Kila mara mahali pengine, na kila mara ukiishia juu ya ulikoanzia. Nilingoja aseme kwamba hatujui muziki. Alisikiliza tena, akavua miwani.

"Na wote mnapanda pamoja? Bila ishara?"

"Mtoaji akipanda, tunamfuata."

Akachukua ile karatasi aliyoniandikia, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba wake. Tangu siku hiyo hakuniandikia tena. Alinipa sauti yoyote, nikaanza wimbo hapo. Kisha nyingine. Nyingine zilikuwa na vidole vya ajabu, kidole kidogo kinatafuta kitufe mahali ambapo kidole cha mwanadamu hakifiki. Nikawa navizia sauti za mji. Mlango wa treni ukilia, naishika sauti yake kichwani hadi nyumbani, naanzia hapo. Friji ikinguruma, naanzia hapo. Binti yangu akaanza kunitega, anapiga kijiko kwenye glasi na kusema, "Där, mamma!" yaani nianzie hapo. Nikipata, anapiga makofi. Nikikosa, anacheka mpaka anashika tumbo. Jikoni kwetu kulikuwa hakujachekwa hivyo tangu operesheni.

Nikarudi kwaya, mstari wa nyuma. Sikuomba kutoa. Binti mtoaji akianza, natafuta alipo, naingia chini yake kwa pumzi ile niliyofundishwa na jirani. Siku nyingine nilichelewa kumpata, nikakaa kimya ubeti mzima. Mwalimu wa kwaya alinitegea sikio, kisha akaita wimbo unaofuata. Nikajua Pasaka nitapiga nyuma, nikajiambia heri nusu shari kuliko shari kamili.

Siku ya Pasaka ukumbi ulikuwa umejaa. Tulikuwa tunaazima kanisa la Waswidi baada ya wao kumaliza ibada na kahawa yao. Mwalimu wangu wa Sundbyberg alikuja, akakaa kando ya binti yangu. Ukafika wimbo wetu. Yule binti mtoaji akavuta pumzi aanze, na mwalimu wa kwaya akamwinulia kiganja angoje. Akaniangalia mimi, juu ya vichwa vya safu mbili za watu.

"Mama," alisema. "Toa."

Hakunipa sauti, na mimi sikuitafuta. Nilishusha pumzi tumboni, nikaanza chini, kimya, ikazaliwa, ikakua. Nikamaliza mstari wangu na kushusha klarineti kidogo, jinsi nilivyokuwa nikifunga mdomo nikiwangoja.

Wakaitikia. Wote, kwa sauti nne, palepale nilipoanzia. Machozi yalinitoka, na ukilia huwezi kubana midomo vizuri, kwa hiyo mstari wa pili ulitoka na hewa nyingi. Hakuna aliyejali. Kwenye ubeti wa tatu watu walikuwa wamesimama, nikajisikia nataka kupanda, vidole vikapanda, na kwaya ikanifuata.

Tulipomaliza nilianza kufungua klarineti nipitishe kitambaa. Mwalimu wa kwaya akatikisa kichwa.

"Bado," akasema. "Toa tena, mama."

Nikalowesha ulimi, nikatoa.