Muhuri Kichwa Chini

Katsuyo Nihei alichambua mapichi miaka thelathini na mmoja katika banda la ushirika, huko Aizu. Wenzake walilishika tunda wakaliweka chini ya taa. Yeye alilipeleka ubavuni mwa taa. Tunda ukilimulika usoni linakuchekea, alisema. Ulimulike kwa upande, kila kidonda kitatupa kivuli. Sanduku lililopita mikononi mwake halikurudishwa kutoka sokoni hata mara moja.

Kisha ikaletwa mashine ya kusoma sukari. Wanawake tisa wakapewa taulo jipya kila mmoja, na asante ya kwaheri. Katsuyo alikuwa na miaka hamsini na minane. Alilipokea taulo kwa mikono miwili, akainama inavyopasa, akasema, "Sukari itaijua. Majeraha tutaona."

Mwaka uleule kituo cha ramani za anga kilitafuta watu wenye subira. Chombo kilichoitwa Kigong'ota kilikuwa kimefika kwenye asteroidi moja, jiwe la angani lenye ukubwa wa mlima, kikawa kinalizunguka na kulipiga picha. Mwishowe kilitakiwa kishuke, kidonoe vumbi kwa pua yake, kirudi nalo duniani. Lakini uso wa jiwe lile ulijaa mawe mengine, kama uji wenye madonge. Lazima kwanza yachorwe yote kwenye ramani, ijulikane wapi pa kutua.

Siku ya majaribio vijana wa chuo walipata mawe mia mbili kwenye picha moja. Katsuyo alipata mia sita, akakosea matatu. Wakamchukua kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja.

Kazi ilikuwa hivi. Unachora mstari juu ya upana wa jiwe, unachora mwingine juu ya urefu wa kivuli chake. Kivuli ndicho kinachokupa kimo. Ukimaliza karatasi unagonga muhuri wa jina lako, kisha anagonga mkubwa wako, kisha mkubwa wa mkubwa wako. Wadogo huulaza muhuri wao kidogo kushoto, uonekane unauinamia wa bosi. Wa Katsuyo ulisimama wima.

"Bi Nihei," Daktari Aramaki, mkuu wa chumba, alimwambia siku moja, "muhuri wako hauna adabu."

"Ni uzee, Daktari. Mgongo haupindi tena."

Udagawa, binti mtafiti aliyekaa meza ya pili, alijifanya anakohoa.

Mwaka wa tatu, mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika madirishani, wakubwa walichagua pa kutua. Paliitwa Uwanda wa Nne. Picha mpya zilikuja, za karibu kabisa, zilizopigwa jua likiwa mgongoni mwa Kigong'ota. Uwanda ulionekana laini kama unga uliochekechwa. Kompyuta ikahesabu: hakuna jiwe linalozidi goti. Miguu ya Kigong'ota ilikuwa na kimo cha mita moja. Jiwe refu kuliko hapo lingekitoboa tumbo, na kazi ya watu wengi, miaka kumi na moja, ingebaki hukohuko.

Katsuyo aliitazama picha ile asubuhi nzima. Hakuipenda. Ilimchekea mno.

Akaomba picha za zamani, zilizopigwa kutoka mbali, jua likiwa pembeni. Ndani ya uwanda uleule akakuta nukta nyeusi arobaini na moja, ndogo kama ufuta. Akazipeleka kwa Aramaki.

"Madoa ya kamera," Aramaki alisema.

"Doa la kamera linakaa mahali pamoja kwenye kila picha, Daktari. Haya yanahama. Jua likienda huku, yenyewe yanaenda kule."

"Bi Nihei. Kompyuta imehesabu."

"Imehesabu ilichoonyeshwa. Imeonyeshwa mchana wa utosini. Saa hiyo hata mimi sina kivuli, na hapa nimesimama."

Aramaki alivua miwani, akaifuta. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na kamati ya Tokyo ilikuwa inamngoja. "Ijumaa karatasi inakwenda Tokyo. Nahitaji muhuri wako hapa, kwamba pako safi. Na mkataba wako unaisha mwezi wa tatu, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Watu wanaitaka hii kazi."

"Waje. Wataona mawe yaleyale."

Usiku ule alimsimulia mumewe, Bunji. Bunji alikuwa mpogoa mipichi. Shule aliiacha mapema, maneno pia hakuwa nayo mengi. Alitafuna figili ya chumvi mpaka ikaisha.

"Gonga tu, tupumzike," alisema.

"Wewe mzee, hebu sema tena."

Bunji alikuwa anaujua muhuri ule. Wa mti wa mcheri, Katsuyo aliununua mwenyewe akiwa na miaka kumi na mitano. Wengine walitumia wa plastiki wa dukani.

"Basi usigonge."

"Nisipogonga, atagongeshwa mwingine. Udagawa, masikini. Atagonga analia."

Bunji akamimina chai. "Unamkumbuka mzee Kanke? Wa ushirika?"

"Yule mbishi?"

"Walipomlazimisha akubali kung'oa mipichi ya zamani. Aligonga. Lakini aligonga kichwa chini. Maana yake, jina langu hili hapa, mimi simo."

Katsuyo alimtazama. Kisha akacheka hadi akashika meza. "Miaka thelathini na tano nakulisha, leo ndiyo unasema neno la maana!"

Ijumaa aliingia kazini mapema. Alifungua kidau cha wino mwekundu, akaugeuza muhuri, akaugonga chini ya maneno *Uwanda wa Nne, pako safi*. Wima, bila kulala kushoto. Kichwa chini. Nyuma ya karatasi akabana picha ya ufuta wake.

Udagawa aliona. Akaziba mdomo. "Mama, watakufukuza."

"Wamewahi. Nilipata taulo."

Aramaki alikuwa na karatasi arobaini mezani. Aligonga kama alivyozoea kugonga, bila kutazama. Mchana karatasi ikaenda.

Jumatatu simu ililia, Aramaki akaipokea. Mpigaji alikuwa fundi mkuu wa miguu ya Kigong'ota, mzee wa kamati, sauti kama mlango mbovu. "Nani huyo Nihei aliyesimama kwa kichwa?"

Aramaki aliitazama nakala ya karatasi, akauona muhuri, masikio yakamwiva. Akampa Katsuyo simu.

"Ni mimi, bwana."

"Umelewa, au unapinga?"

"Napinga."

"Sema."

"Mmelimulika usoni. Lipigeni picha jua likiwa ubavuni, muone vidonda. Mkikosa mawe, nitakuja kwa miguu kuomba radhi."

"Kuna theluji, mama."

"Nina buti."

Mzee alicheka, akakata simu.

Muda wa picha mpya haukuwepo. Lakini kamati ilizitazama zile za mbali siku mbili, ikaogopa, ikauacha Uwanda wa Nne. Kigong'ota kilitua Uwanda wa Saba, kikadonoa vumbi lake, kikainuka salama. Watu walikumbatiana. Aramaki alimpitia Katsuyo mezani kwake, akasema kwa upole, "Hatutajua kamwe kama yalikuwepo."

"Mimi najua."

Mwezi wa tatu mkataba wake haukuandikwa tena. Hakuna aliyesema kwa nini. Safari hii hakupewa hata taulo.

Alirudi kwenye mipichi, akashika ngazi Bunji akipogoa. Mwaka uliofuata akaanza kukonda. Daktari wa hospitali alisema aliyoyasema. Katsuyo akamwambia anaongea kwa sauti ndogo mno kwa mtu mwenye habari kubwa hivyo.

Mwezi wa nane, mapichi yakiwa masandukuni, Udagawa alifika kwa basi na bahasha. Kigong'ota, kabla ya kuondoka kabisa, kilikuwa kimepita karibu sana juu ya Uwanda wa Nne, asubuhi ya kule, jua likiwa ubavuni.

Katsuyo aliketi kitandani. Akachukua kijiti cha kulia chakula, akahesabu kwa ncha yake, jiwe kwa jiwe. Uwanda wote ulikuwa meno matupu. Jiwe kubwa kuliko yote lilifika kimo cha mlango.

"Arobaini na matatu," alisema.

"Ndiyo, mama. Ulikuwa sahihi."

"Sahihi wapi? Niliandika arobaini na moja. Mawili yamenipita!"

Alinuna mpaka jioni. Bunji alipomletea supu ya miso, alimwambia aiweke, kwanza amletee muhuri. Akaugonga pembeni mwa picha. Kichwa juu. Kisha akamjazia Udagawa sanduku la mapichi, kila tunda akiligeuza dirishani kwanza. Matatu aliyatupa.

Alifariki mwezi wa kumi na moja, siku ya theluji ya kwanza.

Picha ile iko juu ya madhabahu ya nyumbani, pembeni ya picha ya Katsuyo. Mtawa wa Kibudha alipokuja kusoma sala za siku ya arobaini na tisa ya msiba aliuliza ni picha ya nini, mbona mawe matupu.

"Mawe arobaini na matatu," Bunji alisema. "Huamini, hesabu."